Kuzuru Nyumba ya Makumbusho Katika Uchagga

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya nyumba za makumbusho, na hasa zile zilizoko katika nchi ya Uchagga, juu ya mji wa Moshi, katika miteremko ya mlima Kilimanjaro. Twajua ya kuwa wengi wenu hamjapata kuingia katika nyumba ya namna hiyo. Wengine hudhani kuwa ni mahali pa wageni, palipowekwa kwa ajili ya watu waendao kupanda mlima. Tena hudhani kuwa mwenyeji hana la kutazama humo, kwa kuwa vitu vilivyomo ni vile vile alivyoviona nyumbani kwa bibi yake. Fikira hiyo yafaa tuichunguze, maana imekwisha kutia hasara nyingi katika nchi yetu.

Neno lenyewe latufundisha. Makumbusho ni neno litokalo katika kukumbusha. Lakini kitu hakiwezi kumkumbusha mtu jambo lo lote ikiwa hapana ajuaye habari zake. Jembe la kale lililotupwa pembeni ya ua ni chuma tu, nalo litaliwa na kutu mpaka liishe. Jembe hilo hilo, mtu akituambia lilifuliwa na nani, mahali gani, kwa chuma kilichotoka nchi ipi, na mwenyewe alitoa nini hata akalipata, mara lageuka kuwa kitabu. Basi kazi ya nyumba ya makumbusho si kuweka vitu tu. Ni kuweka vitu pamoja na habari zake. Na kazi ya mwenye kuizuru si kutazama tu, bali kuuliza. Hayo ndiyo tutakayojaribu kuyaonyesha leo.

Na tuanze Marangu. Kutoka mjini Moshi ni mwendo wa kilomita 40 hivi, kwa barabara ipitayo Himo, kisha ikapanda mlimani kati ya migomba na mibuni. Hapo Marangu pana makumbusho ya Wachagga, yajulikanayo kwa Kiingereza kwa jina la Chagga Live Museum. Kitu kinachomvuta mgeni kwanza ni nyumba ya msonge, iliyojengwa kwa mfano wa zile za zamani. Ni ya mviringo, nayo imeezekwa kwa nyasi toka kileleni mpaka karibu na ardhi, hata ukiitazama kwa mbali waweza kudhani ni kichuguu kikubwa.

Mtu asiyeuliza ataingia, atainama mlangoni, ataona giza, atatoka na kusema, “Nimeona nyumba ya nyasi.” Lakini mwenye kuuliza atapata mengi. Atauliza kwanza, kwa nini ng’ombe walilala ndani pamoja na watu? Ataambiwa ya kuwa usiku wa mlimani ni wa baridi, na joto la wanyama lilisaidia watu. Tena mali iliyo ndani ya nyumba si rahisi kuibiwa. Lakini iko sababu iliyo kubwa zaidi. Ng’ombe wa Mchagga hakuachwa kwenda malishoni kama ng’ombe wa Mmasai, maana mlimani hapana nafasi. Alifungwa nyumbani, akaletewa majani. Akina mama walishuka bondeni kukata majani, wakayapandisha kichwani kwa njia ndefu yenye mwinuko. Ng’ombe akala, na samadi yake ikatiwa migombani. Hivyo ardhi ile ile ililimwa na baba, na mwana, na mjukuu, wala haikuchoka.

Ataliuliza dari nalo. Juu ya meko palikuwa na dari ambapo moshi ulipita mchana na usiku. Huko ndiko yalikowekwa mahindi, na ndizi za kukaushwa, na kuni. Moshi ulikausha chakula na kuwafukuza wadudu waharibifu. Basi moshi ule ambao mgeni huulalamikia kwa sababu wamchoma macho, kwa mama wa nyumba ulikuwa ni mlinzi wa ghala.

Nje ya nyumba kuna kihamba, yaani shamba la migomba lizungukalo makao. Kihamba ni mali ya ukoo, nacho hurithiwa. Ndani yake miti mirefu hutoa kivuli, chini yake kuna migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na chini kabisa mboga na viazi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo hiki, kama kilivyo huko Shimbwe Juu katika wilaya ya Moshi, kuwa ni urithi wa kilimo wenye thamani kwa ulimwengu mzima. Yafaa wanafunzi walikumbuke jambo hilo watumwapo kukata majani ya ng’ombe, wasidhani kuwa wanafanya kazi ya watu wasio na elimu.

Mpakani mwa kihamba mtaona mmea uitwao isale, wenye majani marefu membamba. Wachagga waliupanda kuwa alama ya mpaka, na mpaka huo uliheshimiwa. Tena jani la isale lilikuwa na kazi nyingine. Mtu aliyemkosea mwenziwe alilichukua jani hilo, akaenda nalo kuomba radhi. Na aliyepelekewa isale, hata kama moyo wake ulikuwa mzito, ilimpasa asikilize. Mmea mmoja, basi, ulizuia ugomvi wa ardhi na kumaliza ugomvi wa watu. Je, jambo kama hilo lingejulikanaje na mtu aliyeuona mmea tu, asimwulize mwenyeji?

Tukitoka katika habari za nyumba, tutazame vitu vya chuma: mikuki, majembe, visu, na njuga. Wachagga walikuwa na wahunzi hodari, na wale wa Mamba, jirani ya Marangu, wamesifika tangu zamani. Mhunzi alikaa mbele ya moto wake, msaidizi akavuta na kusukuma mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na chuma kikafuliwa juu ya jiwe. Lakini chuma chenyewe kilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka katika milima ya Upare, hasa Ugweno, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi hiyo. Wapare walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa makaa ya miti katika tanuru za udongo, kisha wakauza chuma hicho kwa jirani zao. Hivyo mkuki mmoja ukutani watueleza urafiki na biashara kati ya milima miwili itazamanayo. Wale wasemao ya kuwa watu wa kale walikaa kila kabila peke yake, bila kujuana isipokuwa kwa vita, na waende wakautazame mkuki ule.

Hata hivyo hatusemi kuwa vita havikuwako. Huko huko Marangu wageni huonyeshwa mapango yaliyochimbwa chini ya ardhi na Wachagga wenyewe. Waongozaji husimulia ya kuwa wenyeji walijificha humo, wao na wake zao na watoto na mifugo, wakati wa mashambulio ya Wamasai na wakati wa vita vya Wachagga wao kwa wao. Njia ya kuingilia ni nyembamba, hata mtu hana budi kuinama au kutambaa. Na adui aliyeingia hivyo, kichwa kikitangulia, hakuwa na nguvu mbele ya mlinzi aliyemngoja gizani na rungu mkononi. Husimuliwa pia ya kuwa udongo uliochimbwa ulitupwa mtoni, ili uchukuliwe na maji, adui asije akaliona rundo akatambua mahali pa maficho. Mwanafunzi akiingia humo na taa, akagusa ukuta wenye alama za majembe, atafahamu hofu ya wazee wale na akili zao pia, kuliko kama angesomewa kurasa kumi darasani.

Tena kuna kazi za kale ambazo haziwezi kutiwa ndani ya nyumba yo yote. Mfongo ni mfano mmojawapo. Mifongo ni mifereji iliyotoa maji katika mito ya korongoni na kuyaleta juu ya migongo ya vilima mpaka vihambani. Wachimbaji hawakuwa na chombo cha kupimia mwinuko. Walitumia macho, na maji yenyewe yaliwaonyesha palipo chini na palipo juu. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, na zamu zake za maji, na siku za kwenda wote kuusafisha. Aliyekosa siku ya kazi alitozwa. Kwa hiyo mkiizuru nyumba ya makumbusho, msidhani kuwa mmekwisha kuona yote mkifika mlangoni wa kutokea. Tembeeni na nje.

Mpaka hapa tumesema habari za vitu ambavyo wazee waweza kutusimulia. Lakini kuna wakati uliopita zamani mno, ambao hapana mzee wala babu wa mzee aliyeuona. Habari za wakati huo hupatikana kwa elimu ya mambo ya kale, yaani elimu ya kuchimba ardhi polepole na kusoma vilivyomo.

Ardhi ni kama vitambaa vilivyokunjwa na kupangwa sandukuni. Kilichowekwa kwanza kiko chini, kilichowekwa mwisho kiko juu. Mchimbaji hodari hachimbi kama achimbaye shimo la mgomba. Huondoa udongo tabaka kwa tabaka, kwa kijiko na brashi, na kila apatapo kigae cha chungu, au mfupa, au kipande cha kaa la moto, huandika mahali pake na kina chake. Kwa njia hiyo imejulikana ya kuwa katika nchi za Upare na Kilimanjaro waliishi watu waliofinyanga vyungu vya namna iitwayo Kwale, kwa jina la mahali karibu na Mombasa ambako namna hiyo ilitambuliwa. Nao walikuwako katika karne za kwanza baada ya kuzaliwa Kristo. Tena, upande wa magharibi wa mlima, yamepatikana mabakuli yaliyochongwa kwa mawe, kazi ya wafugaji walioishi kabla watu wa huko hawajajua matumizi ya chuma.

Huenda mtauliza, miaka hiyo hujulikanaje? Kila kilicho hai, mti au mnyama, kina ndani yake kaboni ya namna ya pekee, nacho huipata upya maadamu kiko hai. Kikifa, kaboni hiyo hupungua kidogo kidogo, kwa kiasi kisichobadilika: katika miaka 5,730 hivi hubaki nusu yake. Mwaka 1949 mtaalamu wa Kimarekani Willard Libby pamoja na wenziwe walieleza njia ya kuipima. Basi kaa moja la moto uliowashwa na mama mmoja zamani, ili apike chakula cha jioni, laweza kutuambia ni karne ngapi zimepita tangu moto ule ulipozimika. Lakini sikilizeni vema: kaa hilo husema kweli ikiwa tu limeandikwa lilikuwa wapi na lilikuwa pamoja na nini. Likiisha kuchukuliwa na mtoto mtundu, likatiwa mfukoni, limekwisha kuwa bubu.

Kwa sababu hiyo serikali ina sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, nayo yakataza mtu kuchimba mahali pa kale, au kuvitoa vitu hivyo katika nchi, pasipo ruhusa. Mkulima akipata shambani kigae kisicho cha kawaida, au jiwe lililochongwa, jambo lililo jema ni kuliacha pale pale, kuweka alama, na kumpasha habari mwalimu au ofisi ya serikali ya kijiji.

Tusidhani pia ya kuwa kazi hii ni ya wageni peke yao. Petro Itosi Marealle, Mchagga wa Marangu, aliandika kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichopigwa chapa mwaka 1947. Mwaka 1952 yeye na Bwana Fosbrooke walitoa maandiko juu ya mawe yenye michoro ya kuchongwa yaliyoko Kilimanjaro, mawe yaliyohusiana na mafundisho ya vijana wa jando. Kama mwenyeji asingaliuliza wazee wake wakati ule, wageni wangaliona mistari tu juu ya jiwe, nao wangalibuni maana kwa akili zao.

Sasa na tupande Moshi ya Kale, mahali palipoitwa Moshi kabla mji wa leo haujajengwa uwandani. Hapo ndipo ilipo habari iliyo nzito kuliko zote tulizozitaja, nayo ndiyo itakayotuonyesha kwa nini tumesisitiza sana habari ya kuandika.

Moshi ilitawaliwa na Mangi Rindi, ambaye wengine walimwita Mandara. Baada yake alitawala mwanawe, Meli. Mwezi wa Juni 1892 Wajerumani walimwendea Meli kwa vita, naye akawashinda, na mkubwa wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 1893, walirudi na jeshi kubwa zaidi, na safari hii Meli alishindwa. Ikapita miaka. Kisha akashitakiwa kuwa alikuwa akifanya shauri la kuwapinga tena, na tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa juu ya mti, yeye na viongozi wengine 18, miongoni mwao wakiwamo waliotoka Kibosho na Meru. Wenyeji husimulia ya kuwa baada ya kifo chake kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Mti unaotajwa kuwa ndio ule ungali ukionyeshwa kwa wageni huko Tsudunyi, katika Moshi ya Kale, na tangu mwaka 2019 kumewekwa hapo maonyesho ya habari za Mangi Meli, pamoja na sanamu yake. Mjukuu wake alidai kwa miaka mingi kichwa cha babu yake kirudishwe kizikwe. Kwa desturi ya Wachagga, kama ilivyo kwa makabila mengi, mtu ambaye hakuzikwa kwao hajapumzika, na ukoo wake nao haujapumzika. Hili si neno la kucheka.

Katika zama zile za ukoloni vichwa vingi vya watu wetu vilipelekwa Berlin, vikawekwa kabatini ili wataalamu wavipime. Mkusanyaji mmoja aliyejulikana sana kwa kazi hiyo ni Felix von Luschan. Mwaka 2011 mafuvu kiasi cha 7,700 yalikabidhiwa kwa shirika liangalialo makumbusho ya mji huo. Tangu mwaka 2017 watafiti walianza kuyachunguza yale yaliyotoka Afrika Mashariki, jumla yake 1,135. Nao waliona ya kuwa 202 yalitoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Tazameni basi jambo la kushangaza. Mwaka 1889 Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro, alichukua jiwe huko juu akaenda nalo Ujerumani, na kipande chake kikatolewa zawadi kwa Kaizari. Jiwe lile liliandikiwa habari zake: nani kalichukua, wapi, siku gani, na kapewa nani. Lakini watu, waliokuwa na majina, na wake, na watoto, wengi wao hawakuandikiwa majina. Waliandikiwa jina la nchi au la kabila tu, kana kwamba ni mawe. Na jiwe likaandikiwa kana kwamba ni mtu.

Hata hivyo juu ya fuvu moja palikuwa na neno limeandikwa: Akida. Neno moja tu. Kwa neno hilo, na kwa kusoma karatasi za zamani, watafiti walitambua kuwa huenda akawa ni mshauri mkubwa wa Mangi Meli, nao wakajua ni ukoo gani wauendee. Watu wa ukoo huo walikubali kutoa mate ili vinasaba vyao vilinganishwe na vya fuvu lile. Vinasaba ni ile alama ya urithi iliyomo mwilini, itokayo kwa wazazi kwenda kwa watoto. Mwezi wa Septemba 1923 ungalikuwa umepita zamani, nasi tungalikuwa bado hatujui. Lakini Septemba 2023, miaka 123 baada ya kunyongwa viongozi wale, ilitangazwa ya kuwa vinasaba vililingana kabisa. Mafuvu mengine mawili yalikaribia kulingana hivyo hivyo na watu wa Uchagga walio hai. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuwa limepatikana wakati wa tangazo hilo.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, kusini mwa Tanzania, ambako kuna makumbusho ya Vita vya Maji Maji, akawaomba radhi wazao wa waliouawa katika vita vile. Hayo yalitendeka ndani ya nyumba ya makumbusho. Mnaona basi ya kuwa nyumba hizo si mahali pa kupitisha saa moja tu. Mna mambo ndani yake ambayo wakubwa wa mataifa huyaendea kwa kichwa kilichoinama.

Mafunzo yake kwetu ni nini? Ni ya kuwa neno moja lililoandikwa, tena limeandikwa na mtu ambaye hakuwa na nia njema, lilitosha kumrudisha mtu kwa ukoo wake baada ya zaidi ya miaka mia. Maneno mangapi yangeweza kuandikwa na sisi wenyewe, kwa nia njema, nasi hatuyaandiki?

Kwa hiyo twapenda kuwapa maswali manne. Yachukueni mwendapo katika nyumba ya makumbusho, iwe ni ile ya Marangu, au Boma la kale la Arusha lililojengwa mwaka 1900, au Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, ambako nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa pamoja. La kwanza: kitu hiki kilikuwa cha nani? La pili: kilitengenezwa wapi, na nani, kwa vitu gani? La tatu: kilitumiwaje, na nani hakuruhusiwa kukitumia? La nne: kimefikaje hapa? Swali hili la nne watu wengi hulisahau, nalo ndilo lenye uzito. Maana kitu chaweza kuwa kimetolewa zawadi, au kimenunuliwa, au kimenyang’anywa, na kabati la kioo halionyeshi tofauti. Mwongozaji akijibu, mwulizeni kwa adabu, “Tumejuaje?” Likiwa ni simulizi la wazee, andikeni kuwa ni simulizi. Likiwa limechimbwa na kupimwa, andikeni hivyo. Simulizi na kipimo vyote vina thamani, lakini tusivichanganye.

Ninyi walimu, msiwapeleke watoto pasipo matayarisho. Kila mtoto na awe na daftari na kalamu, naye achague kitu kimoja tu, akikalie, akichore, akiulizie yale maswali manne. Mtoto ajuaye kitu kimoja vizuri amepata faida kuliko yule aliyepita mbele ya vitu mia mbio mbio.

Nanyi mlio mbali, msio na nauli ya kufika Moshi wala Arusha, msisikitike. Katika nyumba zenu mna makumbusho. Mna kigoda cha babu, mna kata ya mbege, mna mkufu wa bibi, mna kijiti chenye alama za kuchongwa ambacho hapana kijana ajuaye maana yake. Wazee wenye habari hizo wangali hai, lakini hawatakaa siku zote. Mwendeeni mzee, meku, kama wasemavyo Wachagga. Msalimuni kwa heshima, msimwendee mikono mitupu, wala msimharakishe. Mwacheni aanze anapopenda. Akiisha kusema, andikeni jina lake, na jina la baba yake, na mahali, na tarehe ya siku ile, na maneno yake kama alivyoyasema. Kisha kiandikieni kile kitu kikaratasi, mkifunge juu yake. Kazi hiyo haihitaji shahada wala fedha. Daftari moja la shule latosha kwa ukoo mzima.

Wako wafanya biashara wapitao vijijini wakinunua vitu vya kale kwa bei ndogo. Kijana hukiuza kigoda cha babu, akanunua viatu; viatu huchakaa katika mwaka mmoja, na kigoda kimekwenda, wala hakuna ajuaye kiliko. Kabla ya kuuza, ukoo na ukae, uzungumze.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo juu ya biashara, lakini twaona neno lao latosha na kwa jambo hili. Vitu vyetu vingi vimekwisha kwenda mbali, na vingine, yamkini, havitarudi. Vilivyobaki viko mikononi mwetu. Tukiviandikia habari zake, watakaokuja nyuma yetu watajua walitoka wapi, wala hawatalazimika kuwauliza watu wa nchi ya mbali, wakingoja jibu kwa miaka mia.